Uchanganuzi na Usanifu wa Mifumo ya Habari katika Mashirika: Funzo kutoka Ruiru na Thika

Utangulizi

Katika mashirika mengi ya Afrika Mashariki, tarakilishi hutangulia kufika, nayo maswali hufuata baadaye. Fedha hutengwa, mashine hununuliwa, wafanyakazi hupewa mafunzo ya siku mbili tatu, na baada ya miezi kadhaa karani huonekana amelirudia daftari lake la zamani. Lawama humwangukia yeye, ati haipendi teknolojia. Makala haya yanashikilia kuwa kosa la aina hiyo kwa kawaida hutendeka mapema zaidi, kabla ya mashine yoyote kuwashwa, pale ambapo hakuna aliyeuliza mfumo unaotengenezwa ni wa nani na unakusudiwa kumfanyia kazi gani. Uchanganuzi na usanifu wa mifumo ya habari ni taaluma iliyozuka ili swali hilo liulizwe kwa utaratibu. Ili kuifafanua, makala yanatumia mifano miwili ya eneo moja: upimaji wa kahawa katika mazingira ya Ruiru, na majaribio ya huduma ya M-PESA yaliyofanyika Thika na Nairobi kuanzia mwaka wa 2005.

Dhana ya Mfumo wa Habari

Mfumo wa habari ni mpangilio wa watu, kanuni, kumbukumbu na vyombo unaokusanya habari, kuzihifadhi, kuzichakata na kuzifikisha kwa wanaozihitaji ili waamue au watende jambo. Katika fasili hii tarakilishi ni chombo kimoja tu miongoni mwa vyombo. Mfumo wa habari waweza kuwa wa kalamu na karatasi, na mingi imekuwa hivyo kwa miaka mingi.

Eneo la Ruiru linajulikana kwa utafiti wa kahawa; ndipo ilipotoka aina ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985 kwa sababu ya uwezo wake wa kustahimili magonjwa. Hebu ichukuliwe, kwa mfano tu, hali ya mkulima mdogo ambaye ni mwanachama wa ushirika. Asubuhi huchuma buni mbivu, akazichambua na kuzipeleka kiwandani. Karani huzipima kwenye mizani, akaandika kilo katika daftari, akampa mkulima risiti. Kuanzia hapo buni hizo humiminwa pamoja na za wanachama wengine, zikamenywa, zikachachushwa, zikaoshwa na kuanikwa. Baadaye kahawa hupelekwa kinuni, labda Thika, ikakobolewa, ikapangwa kwa madaraja na kuuzwa, aghalabu katika mnada wa Nairobi. Kilo sita au saba hivi za buni mbivu hutoa kilo moja ya kahawa safi. Miezi mingi ikisha kupita, malipo hurudi yakiwa yamekatwa gharama za kiwanda, kinu, usafiri na mikopo ya mbolea.

Katika safari hii yote kuna jambo moja la kuzingatiwa. Mara tu inapoondoka kwenye mizani, kahawa ya mkulima haiwezi tena kutambulika. Kinachobaki kuwa chake ni nambari katika daftari na kipande cha karatasi mfukoni. Nambari hiyo ikikosewa, iwe kwa uchovu au kwa hila, jasho la msimu mzima limepotea, wala hakuna ghala analoweza kwenda kuitafuta kahawa yake. Kwa hivyo, anayesanifu mfumo wa kuhifadhi nambari hizo anashughulikia haki ya mtu, na kosa lake huishia kwenye karo na chakula cha watu.

Mkabala wa Hatua kwa Hatua

Mkabala wa kwanza huiona kazi ya kuunda mfumo kama ujenzi wa nyumba: uchunguzi wa awali, uchanganuzi wa mahitaji, usanifu, uandishi wa programu, majaribio, uzinduzi na matengenezo. Hatua moja hukamilishwa na kutiwa sahihi kabla ya nyingine kuanza, mithili ya maji yanayoporomoka kutoka ngazi hadi ngazi bila kurudi juu. Mara nyingi mkabala huu hunasibishwa na Winston Royce kutokana na makala yake ya mwaka wa 1970, ingawa Royce mwenyewe alionya humo kuwa kuzifuata hatua hizo mara moja tu bila kurejea nyuma ni hatari.

Nguvu ya mkabala huu imo katika zana zake. Tom DeMarco, katika kitabu chake cha mwaka wa 1978, alieneza matumizi ya michoro ya mtiririko wa data, ambayo huonyesha habari inatoka wapi, inapitia shughuli gani, inahifadhiwa wapi na inaishia kwa nani. Peter Chen naye alipendekeza mwaka wa 1976 michoro inayobainisha vitu ambavyo shirika linatunza habari zake na uhusiano uliopo baina ya vitu hivyo.

Zana hizi zikitumiwa katika mfano wa kahawa, mambo yaliyojificha hujitokeza. Mchanganuzi akichora njia ya kilo kutoka kwenye mizani hadi kwenye hundi, atagundua labda kwamba nambari ileile hunakiliwa mara tatu kwa mkono: katika risiti, katika daftari la kiwanda na katika leja ya ofisi kuu. Kila unakili ni mlango wa kosa. Akichora uhusiano baina ya mwanachama, shamba na risiti, atalazimika kuuliza: je, mwanachama mmoja aweza kuwa na mashamba mawili? Mwenye shamba akifariki, risiti za msimu huo ni za nani? Maswali kama haya yasipoulizwa mapema, programu itayajibu kwa namna yake, na jibu lake laweza kuwa dhuluma.

Udhaifu wa mkabala huu ni kwamba hudhani wahusika wanajua wanachokitaka, na kwamba wote wanataka jambo moja.

Mkabala Unaoanzia kwa Watu

Dhana hiyo ndiyo iliyopingwa na Peter Checkland wa Chuo Kikuu cha Lancaster nchini Uingereza. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1981 alieleza kuwa matatizo ya mashirika ni nadra kuwa kama ya mitambo, kwa kuwa watu walioko ndani yake huyaona kwa macho tofauti. Kabla ya kuchora mfumo, mchanganuzi anapaswa kuuliza maswali sita: nani atafaidika au kuumia, nani ataitenda kazi, kitu gani kitageuzwa kuwa kitu gani, ni mtazamo gani unaoyapa mageuzi hayo maana, nani ana uwezo wa kuukomesha mfumo, na mazingira yanaweka mipaka gani.

Swali la mtazamo ndilo kiini cha mkabala huu. Meneja wa kiwanda akiulizwa daftari la mizani ni la nini, huenda akasema ni la kujumlisha kilo. Mkulima akiulizwa swali lilo hilo, aelekea kusema ni la kuthibitisha kwamba hakupunjwa. Majibu haya mawili huzaa mifumo miwili. Wa kwanza utatoa ripoti ya kila wiki mezani pa meneja. Wa pili utatoa risiti papo hapo, mbele ya macho ya mkulima, ikiwa na jumla ya kilo zake tangu msimu uanze. Mchanganuzi aliyemsikiliza meneja peke yake atajenga mfumo usio na dosari yoyote ya kiufundi, na bado mkulima ataendelea kulala na shaka.

Enid Mumford, aliyekuwa mtaalamu katika chuo cha biashara cha Manchester, alikwenda mbele zaidi kwa kusisitiza kuwa watakaoutumia mfumo washiriki katika kuusanifu. Hoja yake ilikuwa kwamba mfumo hubadilisha kazi ya mtu na hadhi yake, hivyo mtu huyo ana haki ya kutoa kauli.

Mkabala wa Kielelezo na Majaribio

Mkabala wa tatu unatokana na ukweli kuwa watu wengi hawawezi kueleza kitu wasichowahi kukiona. Badala ya kuandika kurasa mia za mahitaji, wasanifu hutengeneza kielelezo kidogo kinachofanya kazi, wakawapa watumiaji, wakatazama, wakarekebisha, kisha wakarudia. Wazo hili lilipewa msukumo mpya Februari 2001, wataalamu 17 wa programu walipokutana Utah, Marekani, na kutoa tamko la kuthamini mazungumzo na mabadiliko kuliko nyaraka nene na mipango isiyopindika. Hapa ndipo kadhia ya Thika inapoingia.

Kadhia ya Thika

M-PESA haikuanza kama huduma ya kutumiana fedha. Mradi huo, ulioongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone na kufadhiliwa kwa sehemu na serikali ya Uingereza, ulilenga kuwarahisishia wakopaji wadogo ulipaji wa mikopo kwa simu. Washirika wake walikuwa Safaricom, taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya, na Commercial Bank of Africa. Majaribio yalianza Oktoba 2005 katika sehemu za Nairobi, ikiwemo Mathare, na katika mji wa Thika. Wateja walioshiriki hawakuzidi 500.

Kwa mujibu wa maelezo ambayo Hughes na Lonie waliyachapisha mwaka wa 2007, wateja waliifanyia huduma hiyo mambo ambayo hayakuwamo katika mpango. Walilipana wao kwa wao kwa bidhaa na kazi ndogondogo. Wenye biashara waliweka humo mauzo ya siku, kwa kuwa benki zilikuwa zimekwisha kufungwa, kana kwamba simu ni sanduku la fedha la usiku. Waliosafiri baina ya maeneo ya majaribio waliweka pesa upande mmoja na kuzitoa upande wa pili, wasije wakaibiwa njiani. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuwapelekea jamaa zao mashambani, wao wakaugeuza kuwa msaada.

Wakati huohuo, lengo la awali lilikuwa likikwama. Wakopaji wa Faulu walikuwa katika vikundi ambavyo wanachama wake hudhaminiana, na mkutano wa kikundi ndio uliokuwa mahali pa kulipa. Mtu alipoweza kulipa kwa simu, sababu moja kubwa ya kuhudhuria mkutano iliondoka, na mshikamano ulioilinda mikopo ukatikiswa. Aidha, vitabu vya taasisi havikuunganishwa na mfumo mpya, hivyo kuoanisha kumbukumbu za pande mbili kukawa mzigo.

Katika istilahi za Checkland, wasanifu walikuwa wameuona mkutano kama njia ya kukusanya fedha, ilhali mkutano ulikuwa pia mfumo wa habari: hapo ndipo wanachama walipojua nani amefiwa, nani biashara yake inayumba, nani anahitaji kusubiriwa. Mchoro wa mtiririko wa data ungeonyesha shilingi zikipita. Habari hizo nyingine usingezionyesha, kwa sababu hakuna aliyeziandika popote.

Waongozaji wa mradi walikubali kufunzwa na waliyoyaona. Ulipaji wa mikopo uliwekwa kando, na huduma ilipozinduliwa kitaifa Machi 2007, ilinadiwa kwa wito wa kutuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka huo kwisha, waliojisajili walikuwa wamepita milioni moja. Mikopo ilirejea baadaye katika sura nyingine, M-Shwari ilipoanzishwa mwaka wa 2012.

Nafasi ya Lugha katika Uchanganuzi

Kadhia hii inawahusu pia wanafunzi wa Kiswahili. Mahitaji ya mfumo hukusanywa kwa mahojiano, na mahojiano ni kazi ya lugha. Mchanganuzi anayefika kiwandani na hojaji ya Kiingereza atajibiwa kwa ufupi na kwa adabu. Akiuliza kama kuna tatizo, huenda akaambiwa "hakuna shida", jibu ambalo mara nyingi ni la heshima kwa mgeni kuliko la ukweli. Ndiyo maana lazima atazame kazi inavyotendeka, asitosheke na kusikia.

Zaidi ya hayo, Kiswahili kina hazina ya kupambanua dhana za taaluma hii. Hitaji, takwa na sharti si kitu kimoja. Karani ana takwa la kumaliza kazi mapema. Mkulima ana hitaji la ushahidi wa kilo zake. Sheria, ikiwemo ile ya kulinda data iliyopitishwa Kenya mwaka wa 2019, ina masharti ambayo hakuna aliyeyaomba lakini yapasa kutimizwa. Hati inayoyachanganya matatu haya chini ya jina moja huzaa mfumo unaotimiza takwa la mwenye sauti kubwa na kulisahau hitaji la mnyonge.

Hitimisho

Makala haya yamefafanua mikabala mitatu. Mkabala wa hatua hutoa nidhamu na michoro. Unaoanzia kwa watu hufichua tofauti za mitazamo. Wa majaribio hukiri kwamba mtumiaji hujua zaidi ya anavyoweza kusema. Hakuna mmoja unaotosha peke yake. Mizani ya kahawa huhitaji usahihi wa mkabala wa kwanza, lakini anayeisogelea asipouliza maswali ya mkabala wa pili, usahihi huo utamtumikia mtu mmoja tu. Na kama wateja wa Thika walivyoonyesha, hata maswali yaliyoulizwa vyema yahitaji kufuatwa na macho yaliyo tayari kuona jambo lisilotarajiwa. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Kwa mchanganuzi wa mifumo, kuuliza ndiyo kazi yenyewe.