Kwa Nini Paka Mgonjwa Hukataa Uji?

Mwaka juzi kijana mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa jirani yangu, alinijia akiwa amembeba paka wake katika kikapu. Paka huyo alikuwa amegongwa na baiskeli, akatibiwa na daktari wa mifugo, na jeraha lake lilikuwa likipona vizuri. Hata hivyo, kwa muda wa siku mbili hakuwa ametia kitu kinywani. Nyumbani walikuwa wamempikia uji mwepesi wa ulezi, wakautia maziwa na sukari, kama apikiwavyo mgonjwa ye yote. "Mwalimu," kijana aliniuliza, "kidonda kinapona, mbona yeye anakwisha?"

Swali hilo lastahili jibu kamili, kwani linagusa biolojia na kemia zinazofundishwa katika shule zetu za sekondari. Katika makala hii tutajaribu kulieleza.

Ini lisilojua kubana matumizi

Binadamu, nguruwe na hata mbwa huweza kuishi kwa vyakula vya aina nyingi. Paka sivyo, maumbile yake ni ya mla nyama. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba vimeng'enya vya ini la paka vinavyovunja asidi-amino havipunguzi kazi yake kwa kiasi kikubwa hata chakula kikiwa na protini kidogo. Mnyama mwingine akipungukiwa na protini, ini lake hubana matumizi. Ini la paka huendelea kutumia kama tajiri asiyejua kwamba ghala limekwisha. Kwa hiyo paka anayelishwa uji peke yake hulazimika kula misuli yake mwenyewe.

Tena kuna taurini. Mwaka 1975 ilidhihirishwa huko Marekani kwamba paka wanaoikosa dutu hiyo huharibika retina ya jicho, na mwaka 1987 ikaonekana kwamba moyo wao nao hutanuka na kudhoofika. Taurini hupatikana katika nyama na samaki, wala haimo katika ulezi, mahindi au mchele.

Na ile sukari? Paka haionji. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell, mjini Philadelphia, walieleza kwamba mojawapo ya jeni mbili zinazounda kipokezi cha utamu ulimini limeharibika katika jamii ya paka: sehemu yake yenye jozi 247 za besi imepotea. Hivyo kumtilia paka sukari katika uji ni sawa na kumwashia taa kipofu. Maziwa nayo huweza kumdhuru, kwa kuwa paka wengi wakubwa hawana kimeng'enya cha kutosha cha kusaga laktosi, nao huharisha.

Hatari ya kufunga

Mtu mzima aweza kufunga siku kadhaa asipate madhara makubwa. Paka asipokula, mafuta ya mwili wake huyeyushwa kwa wingi na kupelekwa katika ini. Ini hushindwa kuyachoma yote, na ili liyasafirishe yaliyobaki huhitaji protini, ambazo ndizo zilizokosekana. Basi mafuta hurundikana ndani ya seli za ini. Katika siku chache tu ini laweza kuanza kushindwa kazi. Ufizi na ngozi ya masikio hugeuka rangi ya manjano, na hamu ya kula huzidi kupotea. Ajabu ni kwamba paka mnene yumo hatarini zaidi kuliko mwembamba, maana akiba yake ya mafuta ni kubwa. Kwa sababu hiyo paka aliyekataa chakula chote kwa saa 24 yafaa apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kungojea.

Pua hutangulia ulimi

Ulimi wa paka una vionjo mia kadhaa tu, hali wa binadamu una maelfu. Hukumu juu ya chakula hutolewa kwanza na pua. Paka mwenye mafua, au aliyepewa chakula baridi, hukosa harufu, na pasipo harufu hali. Chakula kikipashwa moto hadi kufikia joto la mwili, yaani nyuzi 37 hivi za Sentigredi, molekuli nyingi zaidi za harufu huruka hewani.

Walimu waweza kulionyesha jambo hili darasani. Wekeni vipande viwili vya samaki vyenye uzito sawa katika bakuli mbili, kimoja baridi na kimoja vuguvugu. Mwanafunzi aliyefungwa macho avisogelee kwa zamu, na wenziwe wapime kwa rula umbali ambapo ananusa kila kimoja. Rudieni mara kadhaa, kisha mtafute wastani.

Kumbukumbu ya kichefuchefu

Mwaka 1955 John Garcia na wenzake waliwapa panya maji yenye sakarini huku wakiwapiga mionzi yenye kudhuru. Baadaye panya hao waliyakataa maji matamu. Mnyama hukihusisha chakula na ugonjwa uliofuata, na paka ni hivyo hivyo. Anayelazimishwa kumeza akiwa na kichefuchefu, au anayefichiwa dawa chungu katika samaki, aweza kumchukia samaki huyo hata baada ya kupona. Ni bora kumpa kidogo kidogo, kumwondolea asichokitaka baada ya dakika chache, na kujaribu kitu kingine baadaye.

Kijana yule nilimshauri amrudishe paka kwa daktari siku ile ile. Daktari alimpa dawa ya kichefuchefu, akaagiza vyakula nitakavyovitaja: kuku au samaki wa kuchemsha, asiye na miba, chumvi wala viungo, aliyesagwa na kulainishwa kwa supu yake vuguvugu. Kitunguu maji na kitunguu saumu ni marufuku, kwani huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Dawa ya maumivu ya binadamu iitwayo parasetamoli ni sumu kwake. Kidonge kimoja chaweza kumwua.

Usiku ule paka alilamba supu ya jodari kidoleni mwa kijana. Asubuhi alikula vijiko viwili, na baada ya juma moja alikuwa akiiba dagaa jikoni kama zamani. Uji ule wa ulezi ulipikwa kwa huruma ya kweli. Lakini huruma yahitaji maarifa ya mwili wa yule anayehurumiwa, na hayo ndiyo tunayoyatafuta katika masomo ya sayansi.