Mwezi Ukiandama Mwaloni

Mhaya ni mtu wa mgomba kwanza, ziwa baadaye. Hapa Hamugembe, ndani ya Manispaa ya Bukoba, mgeni atasimuliwa kibanja, kahawa na ebitoke mpaka chai ipoe. Samaki watatajwa mwishoni, kama mboga. Ziwa lilikuwa na mwenyewe. Katika miungu ya Wahaya, Mugasha ndiye aliyemiliki maji na dhoruba, Irungu akabaki na pori lake, na kwenye mali ya mwenyewe huingii bila hodi.

Lakini shuka hadi mwalo wa Nyamukazi usiku wa giza, utaona taa za wavuvi wa dagaa zimetanda majini: zamani karabai, siku hizi sola. Mbalamwezi ikishika, kazi inasimama, maana taa haishindani na mwezi na dagaa hawakusanyiki. Hizo ndizo siku za kushona nyavu, kuziba mitumbwi inayovuja na kwenda kuwaona watoto. Ukimdai mvuvi, mfuate giza linapokwisha tu, kabla mfuko haujakauka.

Watafiti nao walifika kwenye kalenda hiyohiyo, kwa kuzunguka. Shirika la utafiti wa samaki la Afrika Mashariki lilianza Jinja mwaka 1947, na mwaka 1956 W. W. Macdonald akachapisha uchunguzi wake wa wale wadudu wanaonyanyuka ziwani kama moshi. Alitaka pia kujua domodomo anakula nini (mabuu ya wadudu hao, anayoyachokoa matopeni). Akaona kwamba jamii moja ya wadudu hao hutoka majini siku chache baada ya mwezi kuandama. Mwaloni nani angeshangaa?

Wala Hamugembe wasingeshangaa, watu wanaosubiri senene kila mwaka. Senene huja na mvua za Novemba, usiku, wakifuata taa. Mila ilimtaka mwanamke awakusanye, awakaange, asiwaonje. Siku hizi anakula, tena hadharani, na sijasikia mgomba ulionyauka kwa sababu hiyo.

Habari ya ningu haichekeshi. Samaki huyu hupanda mito mvua zikianza, akienda kutaga. Kagera ni mmoja wa mito yake. Watu wa mitoni walimtega kwa uzio na migono. Wengi walinaswa, wengi wakapita, kwani maji yakijaa uzio hubomoka wenyewe. Kisha zikaja nyavu za makila, zikatandwa midomoni mwa mito, zikamkamata na mayai yake tumboni. Mwaka 1965 Cadwalladr aliandika juu ya mto Nzoia, Kenya, kwamba ningu walivyopungua, uvuvi wa jadi mtoni nao ulififia. Mtaalamu wa samaki alijikuta akiandika msiba wa mila, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake iliyo bora.

Leo TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania iliyoanzishwa mwaka 1980, hushirikiana na wenzake wa Kenya na Uganda kuhesabu mialo, mitumbwi na zana za uvuvi za ziwa zima, desturi iliyoanza mwaka 2000. Mwenye mtumbwi wa dagaa atawajibu vizuri, sindano ya wavu mkononi, wakimkuta siku za mbalamwezi. Wakija usiku wa giza, mwaloni watakuta mbwa na vichanja vitupu.