Mkate wa Kumimina na Jua la Kaskazi

Siku hizi wengi hapa Unguja huutia mkate wa kumimina kwenye oveni. Mkate unaiva, na unalika. Ila mimi nashikilia kwamba mahali pake ni uani, juu ya seredani, na wakati wake hasa ni Januari na Februari, upepo wa kaskazi unapovuma na joto kufika nyuzi 32 au 33. Marehemu bibi yangu hakuupika ndani hata siku moja. Alikuwa akituambia, "Wanangu, kuumua ni kazi ya jua, yangu mimi ni moto tu."

Alijua alisemalo. Hamira ni vijidudu hai, na hustawi kwenye joto la nyuzi 30 na ushei. Hula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoacha vile vitundu unavyoviona ukikata kipande. Wakati wa kipupwe rojo huchelewa kuumuka hata ukilifunika nguo nzito. Kaskazi, ukenda kuswali adhuhuri na kupata chakula cha mchana, ukirudi unalikuta limefura na linatoa mapovu.

Tatizo ni tui, ambalo halivumilii joto. Nazi iliyokamuliwa asubuhi, alasiri imeshachacha. Kwa hiyo mchele nauroweka tangu usiku, lakini nazi sishiki mbuzi kuikuna mpaka niwe tayari kusaga. Vipimo vyangu ni vya bibi: mchele vikombe 2, tui zito kikombe 1 na nusu, sukari kikombe kisichojaa, hamira kijiko 1 cha chai, iliki ya kutwanga, na ute wa yai 1 mwishoni. Yeye alisaga kwa jiwe, mimi nasaga kwa blenda, na sioni tofauti mradi rojo lilainike. Chukua tone ulisugue kati ya vidole. Ukisikia chenga, saga tena.

Sasa moto, na hapa ndipo penye ufundi wote. Makaa nayawasha kwa vifuu vya nazi, nasubiri moshi uishe na yashike jivu jeupe. Sufuria nzito naipaka samli, naipasha moto, ndipo namimina. Rojo ni zito, halizunguki sufuriani kama maji yanayochemka, hivyo moto wa chini peke yake utaunguza kitako na juu kubaki kubichi. Kingo zikianza kushikana, napunguza makaa ya chini, nafunika mfuniko wa bati na kupalia makaa juu yake. Joto la bati hushuka moja kwa moja juu ya mkate na kuupa rangi ya kahawia. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Kijiti kikitoka kikavu, umeiva.

Seredani isiingizwe ndani, hata jua likiwa kali namna gani. Makaa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na imeshaua watu waliofunga milango. Mimi napika alasiri, kivuli cha ukuta kinapofika uani, na kata ya maji ya kunywa iko karibu.

Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, na mwaka 2026 imeangukia Februari na Machi, katikati ya joto lenyewe. Kwa anayetaka mkate huu kwenye futari, hesabu ni rahisi: uondoke motoni mapema, maana wanga wa mchele hukaza unapopoa, na ukiukata ungali moto hung'ang'ania kisu na kubomoka. Ukishapoa, upindue kwenye sinia na kuukata vipande vya pembe tatu. Mimi napenda kuula na chai ya rangi yenye mchaichai, bila sukari, kwa sababu utamu wote umeshamo kwenye mkate.