Je, Wajua? Kutetemeka si laana

Je, wajua kwamba Uganda ina shirika la kuwasaidia wenye ugonjwa wa Parkinson linaloitwa Parkinson's Si Buko? Kwa imani ya Baganda, buko ni kutetemeka kunakompata aliyevunja mwiko wa ukwe. Shirika limetangaza somo lake la kwanza kwenye jina: anayetetemeka ni mgonjwa, hajamkosea mkwe wake.

Je, wajua kwamba chanzo cha ugonjwa huu kiko ubongoni? Seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, hufa polepole. Ugonjwa hauambukizi. Kula na mgonjwa sinia moja, mshike mkono.

Je, wajua kwamba si kila mgonjwa hutetemeka? Wengine huwa wazito kuinuka kitini, mkono mmoja hauyumbi wanapotembea, mwandiko unazidi kuwa mdogo, sauti inafifia. Kufunga choo na kupotewa na uwezo wa kunusa huweza kutangulia kwa miaka.

Je, wajua kwamba wengi huugua bila kuambiwa wanaugua nini? Watafiti walipozunguka wilaya ya Hai, Kilimanjaro, nchini Tanzania, iliyokuwa na wakazi 161,071, walipata wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wametambuliwa na daktari yeyote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008.

Je, wajua kwamba daktari hutambua Parkinson hasa kwa kukutazama? Hukuuliza maswali, hukutembeza, hukugongesha vidole. Kwa mfano, mashariki mwa Uganda, familia ya Nakaloke, karibu na Mbale, inaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu na kuomba rufaa ya kwenda hospitali ya Mbale. Familia ya Jinja ina hospitali ya rufaa mjini humo.

Je, wajua kwamba dawa fulani huleta dalili zinazofanana na Parkinson? Metoklopramidi, inayotumika sana kuzuia kutapika, ni mojawapo; baadhi ya dawa za magonjwa ya akili pia. Nenda kwa daktari na dawa zote unazomeza.

Je, wajua kwamba mbegu za upupu, ule unaowasha ngozi, zina levodopa? Hiyo ndiyo dawa kuu ya Parkinson. Lakini mbegu haikuambii ina kipimo gani. Usijitibu nayo, wala usiichanganye na vidonge vya hospitali.

Je, wajua kwamba protini huweza kupunguza nguvu ya levodopa? Malewa (machipukizi ya mianzi) ya karanga, maharage, nyama na maziwa visigongane na kidonge. Aghalabu hushauriwa kukimeza nusu saa kabla ya kula. Zingatia saa zilezile kila siku, na usiache dawa ghafla.

Je, wajua kwamba miguu ya mgonjwa ikiganda mlangoni, mstari uliochorwa sakafuni unaweza kuifungua? Mwambie auvuke. Kuhesabu "moja, mbili" au kuimba kwa mapigo pia husaidia. Usimvute mkono, anaweza kuanguka.

Je, wajua kwamba mazoezi ni sehemu ya tiba? Kutembea, kunyoosha viungo, kucheza ngoma na kusoma kwa sauti kubwa husaidia mwendo, usawa wa mwili na sauti.

Je, wajua kwamba bondia Muhammad Ali, aliyemshinda George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974, aliambiwa ana Parkinson mwaka 1984? Aliwasha mwenge wa Olimpiki Atlanta mwaka 1996, mkono ukitetemeka mbele ya dunia, na aliishi hadi 2016.

Je, wajua kwamba Aprili 11 ni Siku ya Parkinson Duniani? Ndiyo siku aliyozaliwa James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817. Msiingoje. Msikitini, kanisani, kwenye kikao cha ukoo, mhudumu wa afya wa kijiji apewe dakika kumi aeleze haya kwa Lugisu, Lugwere, Lusoga au Kiswahili. Mzee anayefichwa chumbani kwa aibu anahitaji watu wake wajue kwanza. Baada ya hapo watamfikisha hospitali.