Kompyuta ya Nyumbani: Funguo Ashike Nani?

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, kompyuta hukaa sebuleni na ni ya wote. Asubuhi mama huandika hesabu za madera anayouza. Jioni binti hufanya kazi ya chuo. Usiku kijana hutafuta mchezo mpya. Wote huingia kwa akaunti moja, na mara nyingi haina hata neno la siri. Hakuna mama atakayempa mtoto wa miaka kumi ufunguo wa sanduku la dhahabu. Lakini kompyuta yenye picha za arusi, nakala za vyeti na daftari la wadeni huachwa wazi kama uwanja.

Chanzo cha tatizo ni namna tunavyoutumia mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoongoza kompyuta nzima. Katika Windows, mfumo uliozoeleka zaidi majumbani, akaunti ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya msimamizi. Mwenye akaunti hii anaweza kuweka programu yoyote, kubadili mipangilio, kufungua faili za wengine na hata kufuta akaunti zao. Ya pili ni ya kawaida. Mwenyewe husoma, huandika na kuingia intaneti, lakini akitaka kubadili jambo litakalowagusa wote, mfumo humtaka neno la siri la msimamizi.

Akaunti ya kwanza kufunguliwa katika kompyuta mpya huwa ya msimamizi. Hapo ndipo kosa huanzia, kwani jamaa wote huendelea kuitumia hiyo hiyo. Kijana akipakua mchezo usiojulikana utokako na akabofya kukubali pasipo kusoma, programu mbovu hupewa mamlaka ya nyumba nzima.

Dawa yake haihitaji fundi. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, fungua mipangilio, ile yenye alama ya gurudumu la meno, kisha uende sehemu ya akaunti. Mfungulie kila mmoja akaunti yake. Windows huzifanya akaunti mpya kuwa za kawaida. Hata mama mwenyewe afanye kazi zake za kila siku kwa akaunti ya kawaida, na ile ya msimamizi aifungue panapo haja tu. Hivyo, mmoja akikosea, madhara kwa kawaida huishia chumbani mwake. Ukiinuka kwenda jikoni, bonyeza pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi L, kompyuta itajifunga. Ila tahadhari: usifute akaunti ya mtu kabla ya kunakili faili zake, kwani huweza kufutwa pamoja nayo.

Jambo la pili ni masasisho, ambayo wengi huyaahirisha kwa kuona yanakula bando na wakati. Mnamo Machi 2017, kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, kirusi kilichoitwa WannaCry kiliingia kwa ufa huo katika kompyuta ambazo hazikusasishwa, kikafunga faili na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Dawa ilikuwapo kwa takriban miezi miwili. Waliodhurika hawakuwa wameitumia. Nawe ukiwa na Windows 10, fahamu kuwa msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Tazama kama kompyuta yako yaweza kupokea Windows 11. Isipoweza, Ubuntu ni mfumo mwingine upatikanao bila malipo.

La tatu ni nakala. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lililo ndani ya mashine moja huweza kupotea pamoja na mashine. Chagua siku moja katika wiki, nakili picha na hesabu katika diski ya nje, kisha ichomoe na uiweke kabatini. Ikiachwa imechomekwa, kirusi kinachofunga faili huweza kuifunga nayo.

Tumalizie kwa swali la kichwa cha habari. Mara nyingi anayelijua neno la siri la msimamizi ni mmoja tu, yule kijana aliyeitayarisha kompyuta, naye sasa yuko Doha kikazi na simu yake haipatikani. Siku ya haja, nyumba nzima husimama mlangoni pa mali yake yenyewe. Basi neno hilo liandikwe katika karatasi, liwekwe pamoja na hati za nyumba, na wajue watu wazima wawili palipo. Wa kwanza kati yao na awe mama wa nyumba.