Redio za Kale na Mitambo Mipya ya Juba

Tangu mwaka 1989, ulipoanzishwa mpango wa Umoja wa Mataifa ulioitwa Operation Lifeline Sudan, ambao kituo chake mashuhuri kilikuwa Lokichoggio nchini Kenya, habari za misaada kusini mwa Sudan, ambako waya za simu zilikuwa adimu, zilisafiri kwa redio za mawimbi mafupi, ambayo hugonga tabaka za juu za anga na kurejea ardhini, yakavuka mamia ya kilomita pasipo mnara wa kati. Na redio hizo, zilipofungwa modemu, ziliweza kupeleka hata nyaraka, ijapokuwa kwa taratibu mno, biti elfu chache tu kwa sekunde.

Mitambo ya kisasa ya mtandao usio na waya, itumiayo gigahezi 5, hupitisha mamilioni ya biti kwa sekunde. Lakini sharti antena zionane bila ya kizuizi, na umeme usikatike.

Kwa hiyo, kwa rai yangu, fundi mwenye busara wa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, asiing'oe redio ya zamani siku ile ile aifungapo mpya, bali aziendeshe zote mbili msimu mzima wa mvua, kisha ile ya kale aibakishe kuwa akiba ya mawasiliano na mji wa mbali wa Malakal, kwani betri ya gari ya volti 12 yatosha kuiendesha.