Magnesiamu haishiki kutu, hulika

Neno ‘kutu’ limebebeshwa mzigo usio wake. Aghalabu metali yoyote inayoharibiwa na maji au hewa huambiwa imeshika kutu, ilhali kutu ni ya chuma, ile poda nyekundu tunayoijua sote. Magnesiamu haina wekundu huo. Ikikutana na maji ya chumvi hutoa viputo vya haidrojeni, kisha huacha unga mweupe na vishimo. Istilahi inayoifaa ni ‘ulikaji’, kutokana na kitenzi ‘lika’.

Hapa hatubishanii maneno tu. Anayewaza kutu huwaza pia dawa ya kutu, na ndipo anapopotea. Chukua mfano wa mabati: ni chuma kilichopakwa zinki. Ukiyakwaruza, zinki iliyo kando ya mkwaruzo hutangulia kuliwa, chuma kikapona kwa muda. Sasa paka nikeli juu ya aloi ya magnesiamu, halafu uikwaruze. Mambo hugeuka! Magnesiamu huachia elektroni zake upesi kuliko nikeli, chuma, hata zinki yenyewe, kwa hivyo ndiyo inayoliwa. Tena pale penye mkwaruzo huliwa kwa kasi kuliko kama ingeachwa bila kupakwa chochote. Tundu la ncha ya sindano latosha.

Mbona basi wahandisi wahangaike nayo? Ni wepesi wake. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 1.74, ya alumini ina 2.7, ya chuma karibu 7.9. Kwenye helikopta, tofauti hiyo si mchezo.

Oksidi inayojitanda juu yake nayo huchukua nafasi ndogo kuliko metali iliyoizaa. Ni kama leso fupi: ukivuta huku, kule kunabaki wazi. Kwa sababu hiyo kifaa huzamishwa katika myeyusho wa alikali na kupitishiwa umeme wa mamia ya volti, hadi cheche ziruke na ngozi ngumu mithili ya kauri iote kutoka kwa metali yenyewe. Ngozi hiyo ina vitundu, kwa hivyo lazima izibwe, mathalani kwa epoksi, ndipo ipakwe rangi. Anayeishia kwenye cheche amefanya nusu ya kazi.

Adui mwingine yumo ndani: chembe za chuma, nikeli na shaba. Katika aloi ya AZ91D, chuma hakiruhusiwi kuzidi asilimia 0.005. Halafu kuna bolti. Ya chuma ikiigusa magnesiamu penye unyevu, ulikaji huanzia papo hapo, hivyo fundi hutia pete ya plastiki au alumini katikati.